Mwalimu kutoka kambi: namna ya kufundisha walimu wa Batwa na Bambuti kwa luga mbili

Mutoto wa kambi ya watu asilia akiingia darasani mwezi wa tisa, mara nyingi anakutana na mambo matatu mapya siku moja: benchi, mwalimu mwenye hajui kwao, na Kifaransa chenye hakuna mutu anakisema nyumbani. Wanaanza wengi, wanafika mwaka wa sita wachache. Juu ya hiyo, katika teritware ya Punia na katika Maniema yote, kumupata Mutwa ao Mumbuti mwenye anasimama mbele ya ubao na choki mukononi ni jambo la nadra sana.

Ukurasa huu unaeleza mambo ya msingi: watu asilia ni nani, sheria za Kongo zinasema nini, mwalimu anafundishwa namna gani kwetu, inchi zingine zilipima nini, na ni wapi njia inafungwa.

Kwa ufupi

- Katiba ya 2006 inataja luga 4 za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Kifaransa ni luga ya kazi ya Serikali.
- Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inaruhusu luga za taifa na luga za mafasi zitumikishwe kufundisha.
- Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2022 inalinda na kuendelesha haki za watu asilia Pigme.
- Kutoka mwaka wa kwanza wa shule ya msingi mupaka diploma ya pedagojia ni miaka 12, kama mutoto haanguki hata mara moja.

Watu asilia ni nani?

Sheria ya Kongo inatumia jina «watu asilia Pigme». Wenyewe wanajiita kufuatana na mafasi: Batwa, Bambuti, Bambote, Bacwa na majina mengine. Kwenye mashirika na kwenye ofisi watu wanasema tu «PA». Neno «Mbilikimo» liko mingi mudomoni, lakini linamupima mutu kwa urefu wake, na wengi wenye wanaitwa vile wanalisikia kama tusi. Mwalimu mwenye anamuita mwanafunzi vile mbele ya wenzake amekwisha kumufukuza kabla ya somo kuanza.

Watu hawa walikuwa wawindaji na waokotaji wa pori. Siku hizi wengi wanaishi pembeni ya vijiji na barabara, wanalima mashamba ya wengine, wanabeba mizigo, wanachimba. Lakini kuna miezi ya mwaka yenye jamaa nzima inarudia ndani ya pori, kwa asali, kwa wadudu wa kula, kwa mawindo. Shule haisimami miezi hiyo. Mutoto akirudi, wenzake wamekwisha kumupita, na mwaka unaofuata hawezi tena kuonekana.

Swali la luga: luga mbili ni zipi?

Watu wengi wanafikiri kama kila kikundi cha Bambuti kina luga yake ya siri. Kwa kweli, sehemu kubwa ya watu hawa katika Kongo wanasema luga ya jirani zao, ao luga yenye iko karibu nayo. Kule Ituri, upande wa Mambasa, Bambuti wanasema Kibila. Waefe wanasema luga ya ukoo mumoja na Kilese. Ni Waasua ndio wako na luga yenye haifanane na ya majirani wao wa karibu.

Jambo hili linabadilisha hesabu. Katika Maniema kumewekwa luga nyingi: Kikumu, Kilega, Kisongola na zingine, na Kiswahili chenyewe, chenye wengi wanaita Kingwana, kinapita katikati yao sokoni, kanisani, musikitini na kwenye machimbo. Kwa hiyo elimu ya luga mbili kwa mutoto wa kambi haitaki tuandike luga mupya kutoka zero. Inataka tuanze na luga yenye anasikia kwao, ama luga ya mafasi ama Kiswahili, halafu tupande polepole kwenda Kifaransa.

Faida yake ni rahisi kuelewa. Kusoma ni kutambua alama zenye zinasimama badala ya sauti. Mutoto mwenye anajua neno «nyuki» toka tumbo la mama anahitaji tu kujifunza namna ya kuliandika. Ukimupa «abeille», anabeba kazi mbili pamoja: neno lenye hajawahi kusikia na herufi zenye hajawahi kuona. Mwaka 1953 UNESCO ilikwisha kushauri kama mutoto aanze masomo katika luga ya kwao. Ngambo ya ziwa Tanganyika, katika Tanzania, shule za msingi za Serikali zinafundisha kwa Kiswahili mupaka mwisho wa shule ya msingi.

Kongo yenyewe ilienda mbele na ilirudi nyuma. Wakati wa ukoloni, misioni nyingi zilifundisha madarasa ya kwanza kwa luga za Waafrika. Nyuma ya uhuru, marekebisho ya 1962 yaliweka Kifaransa peke yake kama luga ya kufundishia. Mwaka 1974, wataalamu wa luga walikutana Lubumbashi na kutaka luga za taifa zirudie darasani. Toka mwaka 2012, Kongo ni moja ya inchi 8 za kwanza za mpango ELAN, wenye unasaidiwa na Francophonie, wa kutumikisha luga za taifa pamoja na Kifaransa katika shule za msingi. Kwa hiyo njia iko kwenye karatasi. Mwalimu wa kijiji, yeye, mara nyingi hakufundishwa namna ya kuifuata, na kitabu cha kusoma cha Kiswahili hakiko kwenye kabati la direkta.

Sheria inasema nini

Katiba, katika kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za Serikali. Ubure huo ulianza kutendeka kweli mwezi wa tisa 2019. Wazazi wanajua kama bure haimalizi kila kitu: kuna daftari, kalamu, nguo ya shule, na chakula cha mutoto mwenye anatembea mbali. Kifungu cha 51 kinaipa Serikali kazi ya kulinda vikundi vizaifu na watu walio wachache.

Sheria ya 2022 kuhusu watu asilia Pigme inagusa elimu, afya, haki mbele ya tribinali, udongo na desturi. Bunge na Seneti waliipitisha, Rais aliitia sahihi tarehe 15 mwezi wa saba 2022, na ikaanza kutumika mwaka 2023. Kwa muzazi wa kambi na kwa mwalimu, maana yake ni hii: kumukataa mutoto shuleni ao kumukalisha pembeni juu ya ukoo wake si tena jambo la «desturi ya kijiji». Ni kuvunja sheria.

Jirani yetu Congo-Brazzaville alitangulia. Sheria yake namba 5-2011 ya tarehe 25 mwezi wa pili 2011 ndiyo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika, na inataka programu na shule zenye kulingana na mahitaji ya watu asilia na namna yao ya kuishi. Afrika ya Kati, yaani Centrafrique, ilikuwa inchi ya kwanza ya Afrika kukubali Mapatano namba 169 ya Shirika la Kazi la Dunia, mwaka 2010. Mapatano hayo, ya mwaka 1989, yanasema watoto wa watu asilia wafundishwe kusoma kwa luga yao pale inawezekana, na watu wa kwao wenyewe wafundishwe kusudi waongoze mipango ya elimu.

Mwalimu wa shule ya msingi anatengenezwa namna gani

Katika Kongo njia ni moja kwa wote. Miaka 6 ya shule ya msingi na mutihani wa mwisho. Miaka 2 ya darasa la 7 na la 8. Halafu miaka 4 ya seksio pedagojia, yenye inamalizika na mutihani wa taifa, wenye wanafunzi wanauita Egzeta. Katika seksio hii kijana anajifunza pedagojia, saikolojia na namna ya kufundisha kila somo. Anafanya staji: anaandika fishi ya matayarisho, anasimama mbele ya watoto wa kweli, mwalimu mukubwa na wanafunzi wenzake wanamuangalia, kisha wanamwambia alifanya nini muzuri na nini mubaya. Mwenye kutaka kufundisha sekondari anaendelea ISP.

Nyuma ya diploma, kujifunza hakuishi. Ndani ya shule kuna selule ya baze, pale walimu wa shule moja wanakaa pamoja kutengeneza somo gumu. Inspekta anapita, kama njia inamuruhusu.

Sasa tuhesabu. Mutoto wa kambi mwenye anamaliza mwaka wa sita leo, akipita kila mwaka, atakuwa na diploma nyuma ya miaka 6. Kama mwaka huu kambi haina hata mutoto mumoja katika mwaka wa sita, nyuma ya miaka 6 haitakuwa na mwalimu hata mumoja. Wala sheria wala pesa za mushirika havitaweza kumutokeza siku hiyo.

Inchi zingine zilipima nini

Kameruni na Congo-Brazzaville. Kati ya Wabaka wa Kameruni, Mafrere wa Shule za Kikristo walianzisha njia yenye inaitwa ORA, ni kusema: Angalia, Fikiri, Tenda. Mutoto anaanza na madarasa ya matayarisho kwa luga yake, na mambo ya pori ndiyo yanakuwa mifano. Kifaransa kinaingia polepole, halafu anahamia shule ya kawaida pamoja na watoto wengine. Njia hii ilichukuliwa katika jimbo la Likouala, Congo-Brazzaville, kwa musaada wa misioni ya Katolika. Inaomba mwalimu mwenye anasema luga ya watoto, na hii inafungua mulango kwa vijana wa kambi wenyewe, hata kama kwanza ni wasaidizi.

ORA iko na swali lake pia. Shule ya watoto wa kambi peke yao inawapa amani ya kuanza, lakini siku ya kuhamia wanakutana na matusi yale yale, na wengi wanakimbia hapo. Juu ya hiyo, mwalimu wa shule ya kawaida naye anapashwa kutayarishwa, hapana tu mwalimu wa matayarisho.

Peru. Katika pori la Amazonia, muungano wa watu asilia wenye unaitwa AIDESEP ulishirikiana na chuo cha ualimu cha Loreto kuanzisha, mwaka 1988, mpango wa kufundisha walimu wa luga mbili, FORMABIAP, katika muji wa Iquitos. Wanafunzi wanatoka katika makabila mbalimbali. Wanakaa kipindi fulani katikati ya chuo, kisha wanarudi kijijini kufanya utafiti na kufundisha, halafu wanarudi tena chuoni. Wazee wenye hekima wanaitwa chuoni kufundisha pamoja na maprofesa. Kitu cha kukumbuka ni kwamba mwanafunzi hakuambiwa aache kwao kusudi awe mwalimu. Kwao ndiyo nusu ya masomo yake.

Brazil. Katika jimbo la Acre, toka mwaka 1983, mafunzo ya walimu asilia yaliwafanya walimu wenyewe waandike vitabu vyao vya kusoma na kuhesabu. Hawakungojea kitabu kutoka muji mukubwa.

Desturi kama kitabu

Kufundisha kwa desturi si jambo la kigeni katika Maniema. Warega wa Pangi na wa Shabunda walikuwa na bwami, pale mutu alipanda daraja kwa daraja, na kila daraja lilikuwa na mezali zake, nyimbo zake na sanamu zake ndogo za kufundishia. Wakoloni waliikataza mwaka 1948. Hawakuikataza juu haikuwa na mafundisho. Waliikataza juu ilikuwa na nguvu.

Darasani, desturi haimaanishi kucheza ngoma siku ya sikukuu ya shule. Inamaanisha somo lenyewe lipite mule mutoto anajua:

- Hesabu: wavu wa kuwinda unapimwa kwanza kwa hatua, kisha kwa metre. Watoto wanalinganisha nyavu tatu, wanazijumlisha, wanagawanya nyama kati ya jamaa.
- Sayansi: nyuki, mizinga, miti yenye inatoa maua. Mutoto wa kambi mara nyingi anajua majina mengi kuliko mwalimu. Mwalimu mwenye akili anamuacha aeleze, kisha anaongeza kile programu inaomba.
- Jiografia: karte ya kwanza ni ya vijito na njia za pori zenye watoto wanapita, kabla ya karte ya Maniema na Lualaba yake.
- Luga: hadisi ya mzee inaandikwa kwa Kiswahili ama kwa luga ya mafasi, inasomwa, kisha sentensi chache zinapelekwa katika Kifaransa.

Somo hili linamufaa pia mutoto wa Mukumu na wa Murega mwenye amekaa benchi moja. Naye anapita pori ile ile, na anajifunza kumuheshimu mwenzake.

Lakini kuna mpaka. Hapana kila jambo la desturi linaingia kwenye daftari. Dawa, mafasi matakatifu na mambo ya watu wazima yana wenyewe, na ni wazee wa kambi ndio wanasema nini kinaweza kufundishwa.

Ni wapi njia inafungwa

Safari. Shule ya msingi inaweza kuwa karibu, lakini seksio pedagojia mara nyingi iko mbali, kwenye sente kubwa. Kijana anahitaji mafasi ya kulala na mutu wa kumulisha. Kwa binti ni hatari zaidi, na wazazi wanaogopa.

Machimbo. Punia ni inchi ya madini toka zamani. Kijana wa miaka 14 anaona wenzake wanashika franka kila juma, na shule inamuahidi kitu nyuma ya miaka 6.

Mushahara. Hata akipata diploma, anaweza kuingia katika listi ndefu ya walimu wenye hawajakuwa «mekanize», hawana numero ya matrikule, hawalipwi na Serikali. Toka ubure wa 2019, muzazi hapashwi tena kulipa prime ya mwalimu. Basi mwalimu wa namna hiyo anaishi kwa nini? Mwenye ana shamba na ndugu anaweza kuvumilia. Mwalimu wa kambi, mwenye kwao hawana udongo wao, anaacha haraka. Kuajiri walimu asilia bila kufuatilia majina yao mupaka DINACOPE ni kuwadanganya.

Zarau. Kuna wazazi wenye watauliza kama mutoto wao anaweza kufundishwa na Mutwa. Swali hili halijibiwi na kijana mwenyewe siku yake ya kwanza ya kazi. Linajibiwa na chifu, na komite ya wazazi, na padri, pasta na imamu, na inspekta, mbele ya watu, kabla hajafika.

Mambo yenye yanaweza kuanza bila kungojea Kinshasa

Komite ya wazazi (COPA) na baraza la shule (COGES) ziko katika shule za Serikali na za makanisa. Zinaweza kuuliza maswali haya kwa direkta mwanzoni wa mwaka:

1. Watoto wangapi wa kambi wameandikwa katika kila darasa, wavulana na wasichana? Wangapi walikuwa mwaka uliopita, na wapi wameenda?
2. Je, kuna muzazi mumoja wa kambi ndani ya komite, mwenye anaitwa kweli kwenye mukutano na mwenye anasema?
3. Madarasa ya kwanza yanafundishwa kwa luga gani, na mwalimu ana kitabu gani?
4. Miezi ya asali na ya mawindo, kuna mpango gani wa kumurudishia mutoto masomo yenye alikosa?
5. Katika mwaka wa 5 na wa 6, nani anafuata mutoto mumoja kwa mumoja kusudi afike mutihani?
6. Kijana wa kambi mwenye aliacha sekondari katikati anaweza kusaidia darasa la kwanza, kusema na watoto kwa luga yao, wakati anatafuta njia ya kumaliza pedagojia?

Swali la sita ndilo la karibu zaidi. Katika kambi nyingi kuna kijana mumoja ao wawili wenye walifika darasa la 7 ama la 8 kisha wakarudi. Wanajua kusoma, wanajua luga, watoto wanawajua. Kuwaita darasani hakuwafanyi walimu bado. Walimu wanafanywa na masomo na diploma, na mushahara unafuata. Lakini mutoto mudogo mwenye anamuona kaka yake ameshika choki anajua tayari kama mafasi ile inaweza kuwa yake.

Maneno ya kujua

Luga ya mafasi: luga yenye watu wa eneo wanasema kila siku, hata kama si moja ya luga 4 za taifa.
Seksio pedagojia: miaka 4 ya mwisho ya sekondari yenye inatayarisha walimu wa shule ya msingi.
Selule ya baze: mukutano wa walimu wa shule moja wa kusaidiana katika kazi.
Mekanize: mwalimu mwenye jina lake liko kwenye listi ya mushahara wa Serikali.
DINACOPE: ofisi ya taifa yenye inachunga listi na matayarisho ya mushahara wa walimu, ilichukua kazi ya SECOPE.
COPA: komite ya wazazi. COGES: baraza lenye linaongoza mambo ya shule.